Koo Lako Lilikuwa Wazi

Mpendwa kaka Kibet,

Mama anakusalimia. Mvua imerudi huku Mogogosiek, majani ya chai yamechipuka kwa fujo, na yule ndama mweupe uliyemwacha amekuwa ng'ombe, amezaa juzi. Kama ningekuwa dada mwema ningekuandikia hayo tu, nikakutakia afya njema, nikaweka kalamu chini. Lakini nina neno nimekaa nalo miaka miwili. Nimelala nalo, nimeenda nalo kanisani, nimeshona nguo za watu likiwa limenikaa kifuani. Leo nalitoa, na sijui kulitoa kwa upole.

Ngoja nianze mbali kidogo, usije ukadhani nimesahau ulikuwa nani kwangu.

Unaikumbuka ile mvua ya mawe kule Boito, kabla hatujahamia hapa? Wewe ulikuwa darasa la saba, mimi la nne. Tulikuwa katikati ya majani, tunachuna, na Mama alikuwa ametangulia kituo cha kupimia majani na kikapu chake. Mawe yalianza madogo kama punje za mahindi, halafu yakaanza kuumiza. Ulimwaga majani yote chini, ukanifunika kichwa kwa kikapu chako, kisha ukaniinamia. Nilikuwa nasikia mawe yakikugonga mgongoni. Yalipotulia ulikuwa na nundu mbili kichwani na damu nyuma ya sikio. Ukaniambia, "Usimwambie Mama nimemwaga majani." Neno la maumivu hukusema hata moja. Kwa miaka mingi mtu akitaja kaka, mimi niliona kikapu kile.

Ulipoenda Ujerumani kutunza wazee nililia wiki nzima. Ulirudi baada ya miaka minne na begi refu kama la mtu aliyebeba fito. Mama alilifungua mwenyewe sebuleni, akatoa kile chuma kirefu, akakishika kama mtu anayeshika nyoka aliyekufa.

"Kibet, hii ni nini?"

"Ni upanga, Mama. Upanga mrefu. Huko wanaucheza kama vile sisi tunavyokimbia."

"Wa kukata nani?"

"Haukati mtu. Hauna makali, gusa."

Mama aligusa, akaurudisha ndani ya begi, akasema usilale nao chumba kimoja na wageni. Tangu siku hiyo akawa anauita "ile ya Goliati".

Zilikuwa tatu, pamoja na kofia mbili za wavu za kukinga uso. Mwaka huo huo mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwa bwana yangu, na cherehani yangu, na aibu yangu. Sikuwa natoka. Majirani wakija nilijifanya naumwa na kichwa. Wewe ndiwe uliyenitoa. Ulinipeleka nyuma ya zizi asubuhi moja, ukanipa upanga, ukasema, "Shika. Hapa hakuna mtu wa kukuuliza kitu."

Somo la kwanza lilikuwa la kudunga. Uliegemeza ncha kwenye nguzo ya zizi, ukasukuma, na chuma chote kikapinda juu kama upinde. Nilishangaa. Ukaniambia upanga wa mazoezi lazima upinde, na ncha yake iwe butu na pana, la sivyo haufai kumgusa mtu. Ukaniambia mkono uwe juu kidogo ili upinde kuelekea juu, si kando. "Kiwiko usikikaze. Ukihisi umegusa, legeza pale pale. Na mtu akiwa anakujia, usimdunge, kwa sababu nguvu yake na yako zote zitaingia kwenye ncha moja." Ulirudia mara nyingi sana, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Ulinifanya niidunge ile nguzo mpaka mikono ikatetemeka. Kisha ukavaa kofia ya wavu na jaketi lako nene, ukaniambia nikudunge wewe kifuani. Nilikataa. Ukacheka, ukasema, "Nakuamini."

Ndipo nikaanza kushona. Watu walipoanza kuja kujifunza, wawili, wanne, hatimaye wanane, hapakuwa na vifaa vya kuwatosha. Nilifungua duka dogo la ushonaji kule Silibwet, na kila jioni nilibaki nikishona makoti: jinzi za mitumba nje na ndani, katikati tabaka tatu za blanketi kuukuu, nikipitisha uzi mpaka sindano inavunjika. Koros, yule fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa jirani yangu pale, alileta glavu zake za ngozi, nikazishonea vipande vya plastiki juu ya vidole. Kinga za koo nilizikata kutoka kwa pipa la bluu la maji, nikazipasha moto zikunjike vizuri, nikazifunika turubai. Nilizijaribu kwenye shingo yangu mwenyewe. Nilisimama ukutani, nikakuambia unidunge. Ulinidunga, nikasikia kama mtu amegonga mlango. Ulisema, "Dada, hii kazi hata huko sijaiona."

Chifu aliposikia kuna watu wanakusanyika na panga kwenye ukumbi wa kanisa, alikuja mbio na askari wawili. Ulimvalisha koti langu na kofia, ukamgusa tumboni kwa ncha, na mzee akaondoka akicheka. Hizo zilikuwa siku nzuri. Sitakunyang'anya.

Sijui ni nini kilikugeuza. Labda ni zile barua za kuomba kazi ambazo hakuna hospitali iliyojibu. Labda ni kukaa kwa Mama ukiwa mwanaume mzima. Labda ulikuwa hivyo siku zote na mimi nilikuwa naangalia kikapu. Ulianza kupiga kwa nguvu. Aliyelalamika ulimwita mayai, mtu laini. Upanga mmoja kati ya zile tatu ukaupiga mpaka ukakatika, na Koros akatutengenezea nyingine nne kutoka kwa springi za lori. Alipozileta alisema wazi mbele ya wote, "Hizi hazipindi. Hizi ni za kupigana polepole tu. Kudunga, hapana." Niliandika hilo kwenye karatasi kubwa, nikalibandika ukutani pamoja na yale yote uliyonifundisha nyuma ya zizi. Ulipita pale ukasema, "Sasa tumekuwa shule ya chekechea."

Siku ile uliniambia nivue glavu nihisi mpini, kisha ukanipiga kwenye vidole, nadhani unakumbuka ule mlio. Kidole hiki cha mwisho hakinyooki mpaka leo, nikishona kinasimama peke yake kama mgeni. Nilipopiga magoti ulisema, "Kidole kitapona. Woga wako ndio hautapona." Hukuniinamia. Nilikungoja uniinamie.

Tuje kwa Jumamosi ile.

Ulikuwa umealika watu waone mchezo. Ukumbi ulijaa: wachunaji waliokuwa wametoka kazini, akina mama wa kwaya, vijana wa bodaboda. Mabati yalikuwa yamepata jua, ndani kukawa kama jikoni. Wote tulikuwa tumevaa kila kitu. Nilipokuletea kinga ya koo uliishika kwa vidole viwili, ukaiinua watu waione.

"Hii ameshona dada yangu," ukasema. "Ni kola ya mbwa. Nani hapa ni mbwa?"

Wakacheka. Ukaitupa kwenye benchi.

Koros akakusogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, vaa tu."

"Koros, wewe chomelea milango."

Halafu ukanishika bega, ukanitambulisha. "Huyu ni Chelangat. Ndoa ilimshinda, akarudi kwa mama yake na cherehani. Leo tuone kama na upanga utamshinda."

Mama alikuwa ameketi mstari wa pili. Hakucheka. Aliangalia viatu vyake.

Tulishika zile za springi, kwa sababu ulisema zina mlio mzuri. Ulitangaza kwamba hakuna kudunga, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Ulinipiga paja, ukanipiga bega, na kila ukipiga uligeukia watu upate makofi. Nilikuwa nalia ndani ya kofia na hakuna aliyejua. Mara ya tatu ulicheka. Ulipocheka uliinua kidevu, na kile kitambaa kinene kinachoning'inia chini ya kofia kikapanda nacho. Nikaona koo lako. Niliona jasho limetuama kwenye kile kishimo kilicho juu ya kifua. Ulikuwa unanijia.

Kila mtu anasema ilikuwa haraka sana. Mimi pia nimesema hivyo, kwa daktari, kwa chifu, kwa pasta, kwa Mama. Sasa nakuambia wewe ilivyokuwa. Ncha yangu ilikuwa imeshaelekea kifuani kwako, kwa hasira tu, na hapo tayari nilikuwa nimevunja ahadi. Kisha nikaona koo, nikaipandisha. Nilikaza kiwiko, Kibet. Nilikikaza nikijua. Nilitanguliza mguu, nikaweka na mwili. Kila jambo uliloniambia nisifanye nililifanya, moja baada ya jingine, kwa usahihi, kama mwanafunzi mzuri.

Chuma hakikupinda. Nilihisi kitu kikivunjika, kidogo tu, kama kijiti kikavu. Na kwa muda wa pumzi moja, kabla Mama hajasimama, kabla upanga wako haujafika sakafuni, nilifurahi.

Koros alikubeba kwa pikapu yake, mimi nikiwa nyuma nimekushika kichwa. Ulikuwa unavuta hewa kwa sauti ambayo sijawahi kusikia kwa mtu wala kwa mnyama. Daktari alikutoboa chini ya koo akaweka bomba, akasema ungechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mengine. Wiki tatu nilikuwa kando ya kitanda chako. Nilisafisha lile bomba, nikakufuta mate, nikakugeuza usipate vidonda. Wauguzi wakakuambia una bahati ya dada. Mama akawaambia watu wa kanisa, "Chelangat hajatoka hapo hata siku moja." Walinibariki kwa majina yote. Sikutoka kwa sababu niliogopa ungepata nguvu za kushika kalamu mimi nikiwa sipo.

Ulizipata nikiwepo. Mama alikuwa hapo, pasta alikuwa hapo, Koros alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Uliandika kwenye daftari kwa muda mrefu, kisha hukumpa Mama, ulinipa mimi. Mama akasema, "Soma, macho yangu hayaoni hiyo." Nikasoma kwa sauti: "Ilikuwa ajali. Mimi ndiye sikuvaa kinga. Chelangat asilaumiwe na mtu." Sauti yangu haikutetemeka. Pasta akasema amina. Nilipoinua macho ulikuwa unanitazama.

Uliniona, Kibet. Kofia ile ni ya wavu, si ya ukuta. Ulikuwa hatua mbili kutoka kwangu, na uliyaona macho yangu kabla ya ncha kukufikia.

Zamani nilidhani ulisema uongo ule kwa kunihurumia. Nimefikiri sana kuhusu hilo nikishona, na sasa nadhani ulijihurumia mwenyewe. Ilikuwa afadhali uangushwe na bahati mbaya kuliko kuangushwa na mimi, mbele ya wachunaji na kwaya. Ukaniacha na zawadi ambayo siwezi kuirudisha wala kuitupa. Hata pale kitandani, bila sauti, ulijua kunipiga pasipo na koti.

Ukaenda Kitale kwa mjomba, kwa mahindi, ukasema hewa ya huko ni nzuri kwako. Hewa ya huku ina nini? Wewe uliyekuwa ukiita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde wakainua vichwa, sasa unanong'ona kama karatasi inayopita mlangoni. Mama hukupigia Jumapili baada ya kanisa. Anaweka simu sikioni, anafunga macho, anakaza. Kisha anasema, "Nimekusikia, mwanangu." Hakusikii. Akishakata simu ananiuliza, "Amesema nini?" nami namtungia: amesema mahindi yamekauka vizuri, amesema anakula, amesema anakuombea. Nimekuwa sauti yako. Hilo nalo hukuniuliza kama naliweza.

Mazoezi hayajafa. Ninayaendesha mimi. Zile za springi Koros alizikata akatengeneza bawaba za lango, na sasa tunapokezana zile mbili za Ujerumani. Nimekuwa mkali kuliko ulivyokuwa, ila kwa mambo mengine. Hakuna anayeinua upanga kabla sijapitisha vidole kwenye kamba zake zote, kofia, shingo, glavu. Naikagua ncha kila wiki kama ina nyufa. Anayedunga kwa kiwiko kilichokazwa anakaa nje mwezi mzima. Watu husema, "Anafanya hivi kwa ajili ya kaka yake," na wengine wananifuta machozi nisiyokuwa nayo.

Mwezi uliopita kulitokea jambo. Kuna mwalimu wa shule ya msingi anaitwa Mercy, humjui, alijiunga baada ya wewe kwenda. Alikuwa anapambana na Koros, na Koros anapenda kumsumbua kwa kumjia kwa kasi. Mercy akaanza kumdunga, vizuri kabisa, mkono juu, na ghafla akainua ncha ikapita juu ya bega la Koros, yeye mwenyewe akabaki wazi. Koros akampiga kichwani, pambano likaisha.

Nikamuuliza, "Mbona umeachia? Ulikuwa umempata."

"Kamba ya shingo yake imefunguka, Mwalimu."

Kweli, kinga ya Koros ilikuwa inaning'inia upande mmoja.

"Umeiona saa ngapi?"

"Nikiwa nishaanza kudunga."

"Na ukapata nafasi ya kuacha?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. "Nafasi iko. Si ukiona tu unaachia."

Koros alinitazama mimi, akaitazama ile kamba, akaanza kuifunga upya taratibu, kama mtu asiyetaka kumaliza. Nadhani amejua tangu siku ile ya pikapu.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo cha kanisa mpaka wakaondoka wote. Miaka miwili nimeishi kwa neno moja, kwamba nafasi haikuwepo, kwamba mkono ukishaanza hauna mwenyewe. Mercy ana miezi minane tu ya kushika upanga. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Nafasi ilikuwepo, kaka, na ilikuwa kubwa, na niliitumia kulenga.

Jana nilimsomea Mama barua hii mpaka hapo juu, kabla hujaisoma wewe. Alikuwa anachambua maharagwe. Alisikiliza mpaka hapo nilipoandika kwamba nilifurahi, mikono yake ikasimama. Nilipomaliza akaniuliza, "Ni hayo tu?" Nikasema ni hayo. Akachukua ndoo akaenda kukamua. Hajanisemesha tangu wakati huo, na chai ya asubuhi alipika kikombe kimoja.

Jumamosi nitaisoma tena ukumbini, mbele ya wale wanane na yeyote atakayekuja. Ule uongo niliusoma kwa sauti kubwa mbele ya watu, kwa hiyo hili nalo nitalisoma vivyo hivyo. Wakiniambia niondoke nitaondoka. Chifu akinihitaji anajua duka langu liko wapi. Koros anajua kushika kamba za watu na Mercy anajua kuachia, hawatakosa mwalimu.

Ulinifanyia unyama, na mimi nikakufanyia mkubwa zaidi, na hakuna mmoja wetu aliyelipia wa mwenzake. Sijakusamehe kidole, wala yale maneno uliyosema mbele ya Mama. Wewe pia usinisamehe, sijakuomba. Ninachokuomba ni kidogo kuliko msamaha, na najua kitakuuma zaidi: watu wa Kitale wakikuuliza shingo yako ilipatwa na nini, usiseme ajali. Waambie ni dada yako, na kwamba alikuwa anaona. Acha kunisingizia wema.

Kaa salama huko. Jioni zikiingia baridi, funga skafu.

Ni mimi dada yako, uliyeniachia ziwa.